Fundo Moja Ndani ya Jani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi kwenye siku ya sayansi ya shule moja ya sekondari hapa Nyamagana, Mwanza, kuhusu kimeng'enya kimoja cha mimea na fundo kinalolifunga. Wengi mliniambia mlikuwa mwaloni, wengine kazini, wengine msibani, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe umeme ulikatika kabla ya picha ya pili, na hakuna aliyezililia.

Mwangaluka!

Nimewasikia. Walioitikia kwa nguvu ni wa Magu na Kwimba, wa mjini mmeng'ata maneno. Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Mama zangu wa soko la dagaa, asanteni kwa kufunga meza zenu mje kunisikiliza. Na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita, leo hakuna mtihani, kwa hiyo mnaweza kusikiliza bila kuogopa.

Nimekuja na vitu viwili: sufuria ya maharage, ambayo iko jikoni nyuma ya ukumbi huu inachemka, na kamba hii ya manila. Tuanze na sufuria.

Nani hapa amewahi kuchemsha maharage? Inueni mikono. Maji yakishaanza kuchemka, nini kinapanda? Povu. Povu linalosukuma mfuniko, linamwagikia jiko, linazima mkaa. Bibi yangu kule Ukerewe alikuwa akiliengua kwa upawa na kulimwaga nyuma ya nyumba, akisema, "Hilo ni jasho la maharage." Nami nikaamini. Nikaamini mpaka nilipofika chuo, nikakuta jasho lile lina jina: saponini. Si saponini peke yake, protini nazo zimo mle, lakini saponini ndizo zilizonileta hapa.

Saponini ni nini? Ni sabuni ya mmea. Upande mmoja wake ni sukari, unapenda maji. Upande wa pili unapenda mafuta. Ndiyo maana inatoa povu. Sasa ule upande wa mafuta una kiunzi, kama vile mtumbwi una mataruma yake. Kiunzi hicho cha pete tano zilizoshikana ni jamii ya kemikali ziitwazo triterpenoidi. Na swali langu la leo, wanangu, ni moja tu: nani anakiunda kiunzi hicho? Maharage hayana mikono. Nani anakiunda?

Anayekiunda ni kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi za kemia ndani ya seli. Kinaitwa beta-amirini sintezi. Mnacheka? Ninyi mnaotaja majina ya wachezaji wa Ulaya mstari mzima bila kujikwaa, hili litawashinda? Semeni nami: beta-amirini sintezi. Vizuri. Beta-amirini ndicho kiunzi chenyewe. Sintezi ni fundi wake.

Sasa kamba. Mzee wangu uliyekaa mstari wa mbele, wewe wa Kirumba, simama tafadhali. Mzee huyu ameshona nyavu tangu kabla sijazaliwa. Mzee, shika kamba hii. Nimeitia alama 30 za rangi, na kwenye ncha moja nimeipachika kipete cha waya. Kila alama ni chembe ya kaboni. Kipete ni oksijeni.

Kamba hii katika maisha ya kweli inaitwa skwaleni, ikiwa bado haina kipete. Ilitambuliwa na mkemia wa Japani, Mitsumaru Tsujimoto, mwaka 1906, ndani ya mafuta ya ini la papa. Jina lake limetoka kwenye jina la kisayansi la kundi la papa. Lakini msidhani ni mali ya papa tu. Imo ndani ya mbegu za mchicha. Imo ndani ya mafuta ya zeituni. Imo kwenye paji la uso wako sasa hivi, kwa joto hili: katika mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya binadamu, karibu asilimia 12 ni skwaleni. Kila ukishika kioo cha simu unaacha kidogo. Mmea nao unaitengeneza, kisha kimeng'enya kingine kinaipachika kile kipete cha oksijeni pembeni, na hapo inaitwa oksidoskwaleni. Sasa iko tayari kwa fundi.

Mzee, funga fundo lolote ulipendalo.

Mmeona? Amefunga huku akiniangalia mimi. Hakutazama hata vidole vyake. Niambieni: kamba imeongezeka? Haikuongezeka. Imepungua? Haikupungua. Alama ni zilezile 30, kipete ni kilekile. Amekunja tu.

Na kimeng'enya ndivyo kinavyofanya. Ndani yake kuna shimo, kama kiganja kilichofumbwa nusu. Uzi ule mrefu unaingia humo na kulazwa kwa mikunjo maalumu, huku unapinda, huku unarudi. Ukishalala sawasawa, asidi moja iliyo ndani ya kiganja hicho inakikopesha kile kipete cha oksijeni protoni moja, yaani kiini cha haidrojeni. Kipete kinafunguka. Na kikifunguka, wanangu, hakuna kurudi nyuma: pete ya kwanza inajifunga, inaivuta ya pili, ya pili inaivuta ya tatu, ya tatu ya nne, ya nne ya tano. Kama zipu ya begi. Mwishoni protoni moja inaachiliwa, deni limelipwa, na fundo linatoka.

Uzi ulioingia ulikuwa na kaboni 30, haidrojeni 50, oksijeni 1. Fundo lililotoka lina kaboni 30, haidrojeni 50, oksijeni 1. Uzito ni uleule. Hakikuongeza kitu. Hakikupunguza kitu. Kimekunja tu! Mimi nimefundisha kemia miaka mingi, na kwangu hakuna mmenyuko mzuri kuliko huu. Mkemia akitaka kuunda pete tano kwa mpangilio sahihi maabarani, anahitaji hatua nyingi, viyeyusho vinavyonuka, na usiku mrefu. Jani la kunde linafanya mara moja, kwenye joto la Mwanza, ndani ya maji.

Haya, mzee kaa kwanza, lakini fundo hilo niachie mimi hapa mezani.

Sasa nataka tuzungumze juu ya kosa dogo.

Mtu akisema "nauza ng'ombe", na mwingine akasema "naua ng'ombe", tofauti ni nini? Ni zeti moja. Lakini hapa Usukumani zeti hiyo moja inaweza kukuitia watu wenye fimbo. Au siyo?

Kimeng'enya chetu nacho ni maandishi. Ni mnyororo wa asidi amino zipatazo 760, zimepangwa kama herufi kwenye mstari. Mwaka 1998 watafiti wa Tokyo, kundi la Yutaka Ebizuka, walifanikiwa kuipata jeni ya beta-amirini sintezi kutoka kwenye ginsengi, ule mzizi wa dawa wa Asia Mashariki. Walikuwa pia na ndugu yake kutoka kwenye mzeituni. Huyo ndugu anapokea uzi uleule, oksidoskwaleni ileile, lakini fundo lake ni jingine: linaitwa lupeoli. Katika beta-amirini pete zote tano zina pembe sita sita. Katika lupeoli, pete nne zina pembe sita na ile ya tano ina pembe tano. Basi. Hiyo ndiyo tofauti.

Wakajiuliza: kwa nini fundi huyu anafika pembe sita na mwenzake anaishia pembe tano? Wakalinganisha herufi kwa herufi. Wakafika kwenye nafasi ya 259. Kwa fundi wa beta-amirini pale pamekaa triptofani, asidi amino kubwa kuliko zote. Kwa fundi wa lupeoli mahali hapo pamekaa leusini, ndogo. Wakaing'oa triptofani, wakaweka leusini. Herufi moja kati ya 760! Kimeng'enya kikaanza kutoa lupeoli kwa wingi. Wakageuza upande wa pili: wakamtia triptofani yule wa mzeituni. Akaanza kutoa beta-amirini.

Sababu yake ni nzuri kuijua. Pete ya tano huzaliwa ikiwa na pembe tano kwa mafundi wote wawili. Triptofani inaishikilia kwa muda, inaituliza, mpaka ipanuke na kupata pembe ya sita. Pasipo na triptofani, safari inakatishwa njiani, fundo linatoka vile lilivyo. Yaani lupeoli ni beta-amirini iliyoshushwa kituo kimoja kabla.

Sisi binadamu fundi wa aina hii tunaye mmoja tu. Anakunja uzi huo kwa ajili ya kutengeneza kolesteroli, na tumeridhika naye. Mimea haikuridhika. Kuna mmea mdogo ambao wanasayansi wanautumia kama sisi tunavyotumia panya maabarani, unaitwa Arabidopsis. Ni gugu tu, hata mbuzi halijali. Lina jeni 13 za mafundi hawa. Wa kwanza wao, wa ukoo, alikuwa na kazi ya heshima: kutengeneza steroli, jamaa za kolesteroli, kwa ajili ya utando unaoizunguka seli. Jeni yake ikanakiliwa mara mbili kwa bahati, nakala ya pili ikabaki haina kazi, herufi zikabadilika moja moja, na siku moja ikatoa fundo ambalo halikuwahi kuonekana. Fundo lenye uchungu, au lenye povu, au lenye sumu.

Na mmea wenye sumu kidogo unaliwa kidogo.

Uchungu mnaujua. Mama yangu hakuwahi kupika mung'unye bila kukata kipande karibu na kikonyo na kukigusisha ulimini. Ukiwa mchungu, ulikwenda jalalani, hata kama nyumba ilikuwa haina kitu kingine. Sisi tulinung'unika. Lakini mama alikuwa sahihi kuliko sisi: uchungu wa maboga, matango na vibuyu hutoka kwenye fundo la ndugu mwingine wa ukoo huu, na moto wa jikoni hauufungui. Unaweza kuchemsha mpaka jioni, sumu ipo palepale. Tango likiwa chungu isivyo kawaida, teme, tupa. Msilionee huruma.

Kuna hadithi ya mizizi inayong'aa ambayo lazima niwape, hasa ninyi mnaovua dagaa usiku kwa taa. Kule Uingereza, mjini Norwich, kundi la Anne Osbourn lilikuwa linachunguza zao la oti, jamaa ya ngano, lile la kupikia uji. Mizizi ya oti ina saponini iitwayo avenasini. Mizizi hiyo ukiiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, ncha zake zinawaka rangi ya buluu. Kazi ya avenasini ni kuwaua kuvu wa udongoni. Kuna kuvu mmoja anayeozesha mizizi ya ngano mpaka shamba zima likauka, lakini akifika kwa oti, anakwama.

Watafiti wale wakachukua mbegu za oti zilizochezewa jeni zake kwa kemikali, wakaziotesha, wakazima taa za chumba, wakawasha ile ya urujuanimno. Mizizi ikawaka, ikawaka, ikawaka, halafu mmoja hapa giza. Mwingine kule giza. Wakaikusanya ile ya giza. Walipoipeleka kwa yule kuvu, alifanya nini? Aliila. Ile isiyong'aa ikaugua, inayong'aa ikapona. Na katika baadhi ya mimea ile ya giza, kilichovunjika kilikuwa nini? Mwaka 2001 wakatoa jibu: beta-amirini sintezi. Fundi alikuwa mgonjwa, uzi haukukunjwa, askari wote wa mzizi wakakosa silaha.

Nawapenda watafiti hawa kwa sababu hawakuanza na mashine ya fedha nyingi. Walianza na taa na macho, kama mvuvi na karabai yake.

Sasa nitakaa kidogo kwenye jambo linalotuhusu sisi wa ziwa hili. Nitalisema polepole.

Nikiwa darasa la nne niliugua kichocho. Tumbo, uchovu, damu kwenye choo. Sikumwambia mtu kwa miezi, maana ningesemaje? Na sikuwa peke yangu. Wangapi humu ndani, watu wazima, waliwahi kuambiwa wana kichocho? Inueni mikono bila aibu. Tazameni. Tazameni mikono hiyo! Tunaoga ziwani, tunafua ziwani, tunachota maji ziwani, na kule kwenye majani ya ukingoni anakaa konokono mdogo bapa ambaye ndani yake mdudu wa kichocho anakulia, kisha anatoka kuitafuta ngozi yetu. Watoto wetu wanasimamishwa shuleni kwenye ile fito yenye alama za urefu, wanahesabiwa vidonge vya prazikwanteli, wanavimeza kwa kukunja uso. Dawa ni nzuri. Lakini mtoto anameza leo, Jumapili anarudi majini, na konokono yuko palepale anamngoja.

Mwaka 1964 kijana mmoja Muethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa, kaskazini mwa nchi yake, akichunguza konokono hawa hawa. Akafika kwenye kijito ambapo akina mama walikuwa wakifua nguo. Hawakufua kwa sabuni ya dukani. Walifua kwa tunda la kichaka kiitwacho endodi, ambalo likikaushwa na kusagwa hutoa povu. Walikuwa wakilitumia vizazi na vizazi. Aklilu akatazama majini, chini kidogo ya pale walipofulia. Konokono wamekufa. Wanaelea. Wengi.

Watu wangapi walipita kwenye kijito kile kabla yake? Maelfu. Wangapi waliona konokono wafu? Labda wengi. Nani aliuliza? Yeye. Akachukua konokono wazima, akawatia povu lile. Wakafa.

Miaka ikapita, kemia ikafanywa, na sumu ile ikapewa jina linalotokana na lake: lematoksini. Ni saponini. Na ukiivua sukari zake, ukafika kwenye kiunzi, unakuta nani? Pete tano, pembe sita sita. Ni watoto wa beta-amirini. Ni fundo lilelile la sufuria ya bibi yangu, limevishwa nguo nyingine! Mwaka 1989 Aklilu na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1997.

Naona mkono umeinuliwa. Ndiyo, mama? Mama anauliza: kama ni hivyo, kwa nini tusipande endodi ufukwe mzima, tuimwage ziwani, tumalizane na kichocho?

Swali zuri sana, na jibu lake linauma. Saponini inaua konokono kwa kutoboa utando wa seli zake. Inazishika steroli zilizo katika utando huo, na utando unavuja. Lakini seli za matamvua ya samaki nazo zina utando. Povu la kutosha kuua konokono ni povu la kutosha kuua samaki. Mwaga pale Igombe leo: kesho utakuwa huna konokono, na huna sato, na huna furu, na dagaa wako watakuwa wanaelea. Tena ziwa letu si kijito. Lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Utamwaga magunia mangapi? Kwenye mtaro mdogo, kwenye bwawa lisilo na samaki, kwa kipimo na kwa usimamizi wa wataalamu, hiyo ni habari nyingine. Ziwani hapana. Na nisisikie kesho kuna kijana ameenda kuvulia povu, akasema mwalimu ndiye aliyetufundisha.

Ngoja niseme hili kwa ukali kidogo, kwa sababu kuna watu wanauza chupa pale stendi na kipaza sauti. Wanasema, "Hii ni ya mitishamba, haina madhara." Nani kawaambia? Mmea haukuunda fundo hili kwa ajili ya kututibu sisi. Uliliunda kutoboa seli za adui, na seli zako nazo zina utando. Chembe nyekundu za damu ukizitia saponini kwenye bomba la maabara zinapasuka, maji yanageuka mekundu mbele ya macho yako. Maharage yanatusamehe kwa sababu saponini za chakula hupenya kidogo sana kwenye utumbo, na kwa sababu bibi alikuwa anaengua. Siwachukii waganga wa miti. Bibi yangu mwenyewe alikuwa na miti yake. Lakini bibi alijua kipimo, na alijua mti ambao hakuugusa.

Mwarobaini nao niupitie haraka, maana uko kwenye kila lango la ofisi mjini hapa. Hatua ya kwanza ya kutengeneza uchungu wake ni fundi wa ukoo huuhuu: uzi uleule wa kaboni 30, fundo tofauti. Baadaye mmea unakata kaboni nne, unabakiza 26, unaremba hapa na pale, inapatikana azadiraktini, ambayo wadudu wakiionja wanaacha kula. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wamekula kila kilichokuwa kijani, wakauacha mwarobaini umesimama na majani yake. Mkemia Steven Ley wa Cambridge na kundi lake walijaribu kuiunda azadiraktini maabarani tangu mwanzo. Walimaliza mwaka 2007. Iliwachukua miaka 22! Mwarobaini unaifanya huku mbuzi wamelala kivulini.

La mwisho, kisha tule maharage.

Chile, Amerika ya Kusini, kuna mti unaitwa Quillaja. Wenyeji wa kule, Wamapuche, walitumia gome lake kama sabuni tangu zamani. Ukilisaga, vumbi lake linakupigisha chafya. Mnaanza kuuzoea wimbo huu, siyo? Povu, saponini, sukari nje, kiunzi ndani, na kiunzi kinaanza na beta-amirini. Katika gome hilo kuna saponini moja waliyoipa jina la maabara: QS-21. Hiyo ikiingia mwilini pamoja na chanjo, inaziamsha kinga za mwili, inazipigia kengele. Chanjo bila kengele inaweza kuingia na kutoka kama mgeni asiyebisha hodi.

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ina kengele hiyo. Ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, na hapa kwetu ilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Mwezi Septemba 2019 Kenya walianza kuitoa kwa watoto wao, na walianzia wapi? Homa Bay. Ng'ambo ya ziwa hili hili! Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023, nayo hutumia saponini za mti ule ule wa Chile.

Na tazameni ujanja wake. Si nimesema saponini inatoboa seli? Watengenezaji wa ile ya kwanza waliifunga QS-21 ndani ya viputo vya mafuta vyenye kolesteroli. Saponini inaishika kolesteroli ya kiputo, inatulia, haiendi kutafuta ya damu. Kama kumfunga mbwa mkali kwa mnyororo mrefu kiasi cha kubweka tu.

Kipimo cha mtoto ni mikrogramu 25. Wanafunzi, gramu moja ni dozi ngapi? Fanyeni hesabu. Nani? Ndiyo, binti wa nyuma: 40,000. Mtoto anapata dozi nne. Kwa hiyo gramu moja, uzito usiofika ncha ya kijiko cha chai, ni watoto 10,000. Lakini gramu hiyo lazima ibanduliwe kwenye magome ya miti iliyokomaa, katika nchi moja ya mbali, na mti ukibanduliwa sana unakufa.

Hapo ndipo fundi wetu anarudi. Mwaka 2023 watafiti, kundi la Norwich wakiwemo, walitoa njia ambayo mti ule unapitia kutoka uzi hadi kiunzi na sukari zake. Mwaka 2024 kundi la Jay Keasling kule California likaiingiza njia nzima ndani ya hamira. Hamira, mama zangu! Ya jamii ileile mnayoumulia maandazi. Waliipa vimeng'enya zaidi ya 30 ambavyo si vyake, na yule anayegeuza uzi kuwa kiunzi ni beta-amirini sintezi. Ikatoa QS-21. Kidogo mno bado, haitoshi kiwanda, lakini imetoka. Mwaka huohuo kundi la Norwich likapata QS-21 kutoka kwenye majani ya jamaa mmoja wa tumbaku.

Kwa hiyo binti yangu uliyejibu 40,000, ukifika chuo ukakuta mtu anafuga hamira kwenye chupa na kuiita kiwanda cha chanjo, usishangae. Mwulize ametumia fundi wa mmea gani. Na kama hajajaribu wa endodi, wa mwarobaini, wa mung'unye mchungu wa mama yangu, mwambie huku Mwanza tunayo.

Mwalimu wa zamu ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Maharage yameiva, nasikia harufu. Aliyepika ameniambia aliengua povu, kwa hiyo kuleni kwa amani.

Mzee wangu wa Kirumba, usitoke kwanza. Lile fundo ulilofunga asubuhi nimekuwa nikijaribu kulifungua hapa chini ya meza muda wote huu nikizungumza. Limenishinda. Njoo unisaidie, kamba yenyewe nimeazima.